Jina la Heshima Barabarani: Kanuni Zitangulie, Jina Lifuate

Mtu aliyetumikia jamii anapofariki, si ajabu kiongozi kusimama mazishini na kutangaza kwamba barabara inayopita hapo iitwe jina la marehemu. Waombolezaji hupiga makofi, familia hufarijika, na vijana wa mtaa hutafuta ubao na rangi. Nia huwa njema. Maswali huja baadaye: mtaa jirani unauliza kwa nini mtu wao hakukumbukwa, mwenye duka haelewi kama anwani yake imebadilika, na mhandisi wa manispaa anakuta kibao ambacho hakimo katika ramani wala rejista yoyote.

Miji ya Kitale na Bungoma inakua kwa kasi, na mitaa mipya inafunguka kila upande. Majina yatatolewa, kwa utaratibu au bila utaratibu. Somo hili linaeleza maana ya jina la heshima la barabara, nani ana mamlaka ya kulitoa, miji mingine imejifunza nini, na sera nzuri inapaswa kuwa na vipengele gani. Limeandikwa ili mkazi aweze kutoa maoni yenye uzito suala hili linapofika kwenye baraza au kikao cha maoni ya umma.

Majina mawili, kazi mbili

Jina rasmi la barabara ni anwani. Ndilo linalotumiwa na mpimaji ardhi, ofisi ya mipango, kampuni ya maji na dereva wa ambulensi. Likibadilika, stakabadhi nyingi huguswa: leseni za biashara, bili, mikataba ya kupangisha, barua za benki na ramani za simu.

Jina la heshima ni kumbukumbu. Huongezwa juu au chini ya jina rasmi bila kuliondoa. Barabara hubaki na anwani yake, na kibao cha pili huwaeleza wapita njia kwamba jamii inamkumbuka mtu fulani hapo. Jijini Chicago, Marekani, vibao vya heshima huwa vya rangi ya kahawia na hukaa pamoja na vile vya kijani vya jina rasmi. New York nayo huongeza jina la pili kwa kura ya baraza la jiji, baada ya bodi za mitaa kusikilizwa, na jina la kwanza halifutwi kwenye ramani.

Nchini Kenya mazoea yamekuwa tofauti. Baada ya uhuru, Nairobi haikuongeza majina, ilibadilisha. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikawa Tom Mboya Street, na Government Road baadaye ikawa Moi Avenue. Mombasa nayo iligeuza Kilindini Road kuwa Moi Avenue na Salim Road kuwa Digo Road. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzito: taifa huru halikutaka kutembea kila siku chini ya majina ya waliolitawala. Hata hivyo, kubadilisha jina rasmi ni kazi kubwa inayofaa kufanywa mara chache. Kwa mwalimu, muuguzi, mkulima au mwanariadha ambaye mtaa wake unataka kumkumbuka, jina la heshima linatosha, na halimsumbui jirani yeyote.

Tatizo la barabara isiyo na jina

Hapa kuna tofauti kubwa kati ya miji yetu na ile ya ng'ambo. Kule, barabara huwa tayari na jina rasmi kabla ya kupewa la heshima. Kitale na Bungoma zina vichochoro na barabara nyingi za mitaani ambazo hazina jina lolote lililoandikwa. Mkazi wa Tuwan, Matisi, Kipsongo, Musikoma au Khalaba humwelekeza mgeni kwa kutaja shule, kanisa, msikiti, mashine ya kusaga unga au steji ya boda boda.

Katika hali hiyo, kibao cha heshima kikiwekwa mahali pasipo na jina rasmi, hakibaki kuwa kumbukumbu. Kinakuwa anwani. Baada ya mwaka mmoja, wapangaji, wauzaji na madereva wote watakuwa wanakitumia. Jina lililotolewa kwa makofi ya siku moja litakuwa limeingia katika shughuli za kila siku bila mtu yeyote kulipima: kama linafanana na jingine, kama lina tahajia moja, kama familia iliridhia, kama barabara yenyewe ni ya umma.

Kwa hiyo sera ya majina ya heshima katika miji yetu haina budi kuanza na hatua ambayo miji mingine ilishaipita: hakuna jina la heshima kwenye barabara ambayo haijapewa kwanza jina rasmi au namba. Kigali imeonyesha kwamba inawezekana. Mji huo ulizipa barabara zake herufi na namba, kama vile KN au KG ikifuatiwa na namba, na mkazi anaweza kueleza alipo bila kumtaja mtu yeyote maarufu. Kenya nayo, kupitia wizara inayohusika na mawasiliano na Mamlaka ya Mawasiliano, imekuwa ikishughulikia mfumo wa kitaifa wa anwani. Kaunti inayopanga namba za barabara zake mapema itakuwa na kazi nyepesi mfumo huo utakapoanza kutumika kila mahali.

Nani mwenye barabara?

Si kila barabara inayopita mjini ni ya kaunti. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inaipa serikali ya kitaifa jukumu la barabara kuu, na inazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, pamoja na mipango na upimaji wa ardhi. Barabara ya A1 inayotoka Webuye kupitia Kitale kuelekea Kapenguria na Lodwar, na ile ya A8 inayoelekea Malaba, ni barabara kuu zilizo chini ya KeNHA. Barabara nyingine za kitaifa husimamiwa na KURA au KeRRA, mamlaka zilizoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007.

Maana yake ni kwamba pendekezo la kuweka kibao kwenye barabara kuu haliwezi kumalizwa na kaunti peke yake. Mamlaka husika lazima iandikiwe na ikubali, kwa sababu ndiyo inayosimamia hifadhi ya barabara na alama zilizo ndani yake. Vilevile kuna njia za ndani ya mashamba yaliyogawanywa na kampuni za ardhi, ambazo bado hazijakabidhiwa kwa umma. Swali la kwanza la karani anayepokea ombi lolote liwe hili: barabara hii ni ya nani?

Kuhusu ngazi ya mji, neno "jiji" hutumiwa ovyo. Kwa Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, jiji linahitaji angalau wakazi 250,000 pamoja na huduma nyingine zilizoorodheshwa, na manispaa wakazi 50,000. Majiji ya Kenya ni Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru lililotangazwa mwaka 2021, na Eldoret lililotangazwa Agosti 2024. Kitale na Bungoma ni manispaa. Hilo halizizuii kuwa na sera. Bodi ya manispaa inaweza kuiandaa, kamati kuu ya kaunti kuiidhinisha, na Bunge la Kaunti kuipitisha.

Inafaa pia kutofautisha sera na sheria. Sera huongoza maafisa na kueleza utaratibu. Haiwezi yenyewe kumtoza mtu faini kwa kuweka kibao kiholela au kwa kung'oa kilichowekwa kihalali. Adhabu huhitaji sheria ya kaunti au sheria ndogo iliyopitishwa na Bunge la Kaunti.

Somo la Kileleshwa

Mei 2021, barabara ya Dik Dik Gardens mtaani Kileleshwa, Nairobi, iliwekwa kibao chenye jina la Francis Atwoli, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU. Siku chache baadaye kibao kiling'olewa. Kikarudishwa. Baadaye kikachomwa moto. Mjadala ulienea nchi nzima, wengine wakisema kiongozi wa wafanyakazi wa miaka mingi anastahili heshima, wengine wakisema wenye mtaa hawakuulizwa, na wengine wakipinga barabara kupewa jina la mtu aliye hai.

Jambo la kujifunza hapa halihusu ubora wa mtu mmoja. Ni kwamba, bila kanuni zinazojulikana na wote, mjadala kuhusu utaratibu hugeuka kuwa mjadala kuhusu mtu. Mtu huyo na familia yake hudhalilishwa hadharani, na kile kilichokusudiwa kuwa heshima kinakuwa aibu. Laiti kungekuwa na kigezo kilichoandikwa mapema kuhusu watu walio hai, muda wa maoni na njia ya kukata rufaa, wapinzani wangekuwa na mlango wa kubisha badala ya kibao cha kuchoma.

Mfano mwingine wa Nairobi ni wa Kenneth Matiba, aliyefariki Aprili 2018. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba Accra Road ingeitwa kwa jina lake. Hakuna anayebisha mchango wake katika kupigania siasa za vyama vingi. Lakini abiria wengi wanaopandia magari hapo wameendelea kusema "Accra". Watu hawaachi jina la zamani kwa sababu tu tangazo limetolewa. Kibao cha heshima kilichowekwa kando ya jina la zamani kingeliheshimu jina la Matiba bila kushindana na ulimi wa wasafiri.

Linganisha na Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Alifariki Septemba 2011, na Forest Road ya Nairobi ikapewa jina lake mwaka 2016. Miaka mitano ilikuwa imepita, na uhusiano wa barabara hiyo na kazi ya mtu ulikuwa wazi: iliitwa barabara ya msitu, naye aliutetea Msitu wa Karura usinyakuliwe.

Urithi mmoja, majina yanayojirudia

Kitale na Bungoma zina historia inayoingiliana. Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 upande wa Kimilili, akafanya makao Trans Nzoia, akawa miongoni mwa waasisi wa FORD, na akafariki Agosti 1992. Michael Kijana Wamalwa alizaliwa Bungoma, akawa mbunge wa Saboti, kisha Makamu wa Rais mwaka 2003, na akafariki Agosti mwaka huo huo. Kila kaunti inaweza kusema hawa ni wetu, na zote zitakuwa zimesema kweli.

Heshima kwao tayari ipo. Jina la Muliro liko kwenye chuo kikuu na bustani mjini Kakamega, na kwenye uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma, ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2024. Jina la Wamalwa liko kwenye hospitali ya rufaa mjini Kitale. Sasa fikiria mtu anapiga simu usiku akiomba ambulensi na kusema, "Niko hapa Masinde Muliro." Ni uwanjani, barabarani, au shuleni? Na je, anamaanisha Masinde Muliro au Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyefariki mwaka 1987? Majina ya watu wakubwa yakirudiwa kila mahali hupoteza uwezo wa kumwelekeza mtu, na huwafunika wengine ambao hawajakumbukwa hata mara moja.

Elijah Masinde mwenyewe anafundisha jambo jingine. Wengi humwona kama mpigania uhuru aliyekataa utawala wa mkoloni. Serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini, na hata baada ya uhuru alifungwa. Mtu kama huyo hawezi kuamuliwa kwa kelele za upande mmoja. Anahitaji kikao ambacho mwanahistoria, mzee wa ukoo, kijana na jirani wa kabila jingine wote wanasikilizwa. Trans Nzoia hasa ni nyumba ya jamii nyingi, zikiwemo Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Wanandi, Wakikuyu na Waturkana. Kibao kimoja kinaweza kumwambia mkazi kwamba hapa ni kwake pia, au kwamba amesahauliwa.

Kuna pia majina ya zamani ya mahali, ya mito, vilima na mitaa, katika lugha za wenyeji. Hayo ni kumbukumbu ya jamii nzima. Sera nzuri huyalinda: jina la mtu lisichukue nafasi ya jina la mahali ambalo watu bado wanalitumia.

Vipengele vinane vya sera

Rasimu yoyote itakayoletwa kwa wananchi ipimwe kwa mambo yafuatayo.

*1. Nani anastahili.* Vigezo viandikwe: huduma kwa jamii, elimu, afya, michezo, sanaa, kilimo, ukombozi, kuokoa maisha. Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 inatambua ushujaa wa aina nyingi, nayo inaweza kutoa mwongozo. Sera iseme wazi kwamba cheo cha kisiasa peke yake hakitoshi. Iseme pia kwamba uwiano wa wanaume na wanawake utaangaliwa, kwa maana vibao vyenye majina ya wanawake ni vichache katika miji ya Kenya.

*2. Muda wa kusubiri.* Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu usanifishaji wa majina ya kijiografia uliofanyika Berlin mwaka 2002 ulipendekeza nchi zijiepushe na kutumia majina ya watu wangali hai, na ziweke muda wa kungoja baada ya kifo. Muda huo unaweza kuwa miaka miwili au mitano. Lengo si kumchelewesha marehemu, bali kutenganisha uamuzi na machungu ya msiba au joto la kampeni.

*3. Idhini ya familia.* Barua ya familia itangulie. Familia ndiyo inayojua jina kamili na tahajia yake, na ndiyo itakayoishi na maneno ya watu.

*4. Uhusiano na mahali.* Mtu awe aliishi, alifanya kazi au aligusa maisha ya watu katika mtaa huo.

*5. Jina moja, mara moja.* Jina lisirudiwe ndani ya manispaa, na rejista ya manispaa jirani iangaliwe. Jina liandikwe kamili ili majina yanayofanana yasichanganywe.

*6. Gharama.* Ombi lionyeshe nani atalipia kibao, nguzo, uwekaji na ukarabati. Kama kaunti inalipa, kiasi kiwe katika bajeti iliyopitishwa. Ikiwa mfadhili binafsi analipa, nembo ya biashara yake isiwe kwenye kibao. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulihimiza nchi zisigeuze majina ya mahali kuwa bidhaa.

*7. Muonekano.* Kibao cha heshima kiwe na rangi tofauti na cha anwani, ili mgeni na dereva wa gari la dharura wajue kipi ni kipi. Mstari mfupi ueleze mtu huyo alifanya nini. Jina lisilo na maelezo husahaulika katika kizazi kimoja.

*8. Kuondolewa na rejista.* Sera ieleze ni sababu gani zinaweza kuondoa jina, na kwamba litaondolewa kwa utaratibu ule ule lililotolewa kwao: ombi, maoni, uamuzi wa maandishi. Kila jina liingizwe kwenye rejista iliyo wazi kwa umma, pamoja na tarehe, ramani na sababu.

Mfano wa kufanyia kazi

Mfano huu ni wa kubuni, ili kuonyesha jinsi kanuni zinavyofanya kazi. Chukulia mkunga aliyehudumu miaka mingi katika zahanati ya mtaa. Nusu ya vijana wa mtaa huo alipokea kuzaliwa kwao. Amefariki miaka mitatu iliyopita, na wakazi wanataka njia ya kutoka zahanati hadi sokoni, mita 300 hivi, ipewe jina lake.

Wanaandika ombi na kukusanya sahihi za wenye nyumba, wapangaji na wafanyabiashara. Mpangaji ahesabiwe kama mwenye ploti, kwa kuwa naye huishi kwenye anwani hiyo. Familia inaambatisha barua. Karani anathibitisha kwamba barabara ni ya kaunti, kisha anagundua haina jina rasmi. Ombi halikataliwi. Linangoja ofisi ya mipango itoe namba kwanza.

Notisi inabandikwa zahanati, sokoni, ofisi ya wadi na kutangazwa redioni kwa siku 30. Pingamizi mbili zinakuja. Mwenye ploti anahofia hati miliki yake itahitaji kubadilishwa. Anajibiwa kwa maandishi: hati miliki hutambulishwa kwa namba ya kiwanja, na jina la heshima haligusi jina rasmi. Hana gharama yoyote. Kundi jingine linasema barabara hiyo wazee waliiita kwa jina la kijito kilichopita hapo. Pingamizi hili ni zito zaidi. Bodi inawakutanisha pande zote, na inaamuliwa kwamba jina la kijito ndilo liwe jina rasmi badala ya namba tupu, na la mkunga liwe la heshima. Kibao kimoja kinabeba anwani, kingine kinabeba shukrani.

Bila sera, moja ya pande hizo mbili ingeshindwa, na huenda ingekuwa ile isiyo na mtu karibu na kipaza sauti.

Haki ya mkazi

Mwananchi hahitaji kungoja kualikwa. Ibara ya 10 ya Katiba inautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na ibara ya 196 inalitaka Bunge la Kaunti kuwezesha wananchi kushiriki katika shughuli zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti chini ya kifungu cha 15, na kwa serikali ya kaunti kwa maandishi chini ya kifungu cha 88. Kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka za kaunti kujibu maombi hayo bila kuchelewa. Na anayetaka kuona rasimu, ramani au orodha ya majina anaweza kuiomba kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo huipa ofisi muda usiozidi siku 21 kuamua ombi hilo.

Ombi zuri la jina la heshima lina ukurasa mmoja au miwili: jina kamili la anayependekezwa na tarehe za maisha yake, alichofanya na ushahidi wake, barabara inaanzia na kuishia wapi, uhusiano wake na mahali, barua ya familia, sahihi za wakazi na namna gharama itakavyolipwa. Mahali pa kutafuta ushahidi ni pengi: kumbukumbu za shule na hospitali, vitabu vya kanisa na msikiti, wazee wa mtaa, na Makumbusho ya Kitale.

Maswali ya kujadili barazani

1. Je, barabara ya mtaa wako ina jina rasmi au namba? Kama haina, dereva wa ambulensi huelekezwaje usiku?

2. Muda wa kungoja baada ya kifo uwe miaka mingapi, na kwa nini?

3. Ni mwanamke gani wa eneo lako ambaye kazi yake inajulikana na wengi lakini jina lake haliko mahali popote?

4. Ni jina gani la zamani la mahali ambalo watoto wa leo hawalijui, na nani bado analikumbuka?

5. Watu wawili wanaostahili wakipendekezwa kwa barabara moja, uamuzi ufanywe vipi ili anayekosa asione ameonewa?

6. Mtu aliyeheshimiwa akithibitika baadaye kuwa aliwadhulumu watu, nani aombe jina liondolewe, na nani asikilizwe kabla ya uamuzi?

Inafaa majibu yaandikwe na kukabidhiwa ofisi ya msimamizi wa wadi. Wakati mzuri wa kuyajibu ni sasa, kabla jina la mtu yeyote halijawekwa mezani, kwa sababu kanuni iliyotungwa huku jina fulani likingoja huonekana imetungwa kumpendelea mtu huyo au kumzuia.